Daraja Lililowekwa Mezani

Mwaka 1754 daraja la mawe la mji wa Schaffhausen, kaskazini mwa Uswisi, lilibomoka na kusombwa na mto Rhine. Halikuwa la kwanza kwenda na maji. Mto hapo ni mpana na una kasi, na wenyeji walikwisha kuzoea kujenga, kupoteza na kujenga tena. Safari hii katikati ya mto ilibaki nguzo moja ya mawe, na nguzo yenyewe haikukaa hata sawasawa na mstari wa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mgogoro wote uliofuata ulitokana na nguzo hiyo.

Mji mwingine ungejikimu kwa mashua. Schaffhausen haukuweza. Kilomita chache chini yake Rhine inaporomoka kwenye maporomoko makubwa ambayo hakuna chombo kinachoyapita, na mji ulipata riziki yake kutokana na kizuizi hicho: shehena zilizokuja kwa maji zilishushwa hapo, zikapakiwa kwenye magari ya farasi, zikaendelea na safari kwa barabara. Daraja likikosekana, wenye mali huanza kutafuta njia nyingine, na mfanyabiashara akishazoea njia mpya si rahisi kumrudisha kwenye ya zamani.

Baraza la mji likahitaji mjenzi. Aliyekuja na pendekezo la kushangaza hakuwa mhandisi wa jeshi wala msanifu wa mfalme yeyote. Alikuwa Hans Ulrich Grubenmann, seremala wa kijiji cha Teufen katika milima ya Appenzell, mwenye umri wa miaka 46. Alizaliwa mwaka 1709 katika ukoo wa maseremala. Baba yake alikuwa fundi, na kaka zake wawili, Jakob na Johannes, walikuwa mafundi pia. Kazi zao za kila siku zilikuwa nyumba, minara na mapaa ya makanisa ya vijijini. Pengine hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwa sababu kanisa la Waprotestanti linataka ukumbi mpana usio na nguzo, ili kila mtu amwone mhubiri, na ukumbi wa namna hiyo unadai kenchi ndefu kuliko kawaida. Fundi aliyezoea kuvusha boriti juu ya vichwa vya waumini mia kadhaa bila kuziegemeza popote hatishwi upesi na mto.

Grubenmann hakupeleka mahesabu. Kwa kweli, hesabu za kumwezesha mtu yeyote kupima mzigo katika mbao za daraja la namna ile zilikuwa bado hazijawa chombo cha mafundi popote Ulaya. Alichopeleka ni daraja dogo la mbao. Leo tukisikia neno mfano tunafikiria kitu cha maonyesho, cha kupamba ukumbi wa mapokezi. Kwa maseremala wa karne ya 18 mfano ulifanya kazi tatu kwa mkupuo. Ulikuwa mchoro kwa watu wasiosoma michoro, maana diwani mfanyabiashara wa nguo akionyeshwa karatasi yenye mistari ataitikia kwa adabu tu, lakini akiwekewa daraja mezani atalizunguka, atachungulia chini yake, atauliza maswali ya maana. Ulikuwa pia kama mkataba: hiki ndicho nitakachokujengea. Na kwa fundi mwenyewe ulikuwa mazoezi, kwani kuunganisha mbao ndogo kunamlazimu kuamua mapema ipi itangulie na ipi ifuate, na wapi patasi haitafika. Maseremala walikuwa na desturi ya kukusanya jengo zima chini uwanjani, kutia alama kwenye kila kiungo, kulifumua, kisha kulipandisha kipande kwa kipande. Mfano mdogo uliifanya shughuli hiyo kwanza juu ya meza, mahali ambapo kosa linagharimu kipande cha ubao tu.

Lililoonekana katika daraja hilo dogo ndilo lililoleta ubishi. Halikuwa na nguzo ya kati. Grubenmann alitaka kuruka Rhine mara moja, ukingo hadi ukingo, zaidi ya mita 110, kwa mbao tupu. Wakati huo hapakuwa na daraja la mbao la kulifananisha nalo. Baraza likakataa. Nguzo ya mawe ipo, wakasema, imesimama hata baada ya gharika, itumike.

Seremala akatii, au akaonekana ametii. Kazi ilikamilika mwaka 1758, na daraja likapita juu ya nguzo ile kwa vipande viwili, kimoja cha mita 52 na kingine cha mita 59. Kwa kuwa nguzo ilikuwa pembeni kidogo ya mstari, daraja zima lilipinda kuelekea upande mto unakoshukia, kiasi cha futi 8 hivi katikati. Mtu akilitazama kutoka mbali angedhani mkono wa fundi ulitetereka. Kumbe aliyepotoka alikuwa mwashi wa zamani, na seremala alilazimika kumfuata.

Lilikuwa daraja lenye paa na kuta, kama ghala refu lililovuka mto. Watu hudhani paa hilo liliwekwa ili kuwastiri wasafiri. Faida hiyo ilikuwepo, lakini anayestiriwa hasa ni mbao. Boriti inayolowa na kukauka kila wiki huanza kuoza kwenye viungo, pale ulimi wa mti unapoingia katika tundu na maji kutuama. Ikifunikwa, hudumu karne. Paa lilikuwa na kazi nyingine pia. Barabara haikupanda juu ya upinde wa daraja kama kwenye madaraja ya mawe, bali ilipita chini yake, karibu tambarare, ikiwa imening'inizwa kwenye nguzo za mbao zilizoshuka kutoka juu. Mbao za mshazari, moja ikisukumana na nyingine, ziliuchukua uzito huo na kuupeleka kwenye kingo. Fundi yeyote wa paa anayefahamu kenchi ataielewa kazi hiyo akiitazama mara moja. Grubenmann alichukua kenchi ya kanisa, akairefusha, akaipitishia magari ndani yake.

Swali lililobaki ni moja: je, daraja liliiegemea nguzo ya kati? Wenyeji walipenda kusimulia kwamba siku ya ufunguzi fundi aliziondoa kabari zilizokuwa kati ya mbao na mawe, na baraza zima likaona mwanga ukipita juu ya nguzo waliyoidai kwa nguvu. Simulizi kama hii mtu huipenda kuliko anavyoiamini. Lakini mchungaji Mwingereza William Coxe, aliyepita hapo mwaka 1776, alikagua na kuandika kwamba ilikuwa vigumu kujua kama nguzo inabeba chochote, na kwamba mjenzi aliliacha jambo hilo makusudi katika shaka. Coxe alishangazwa pia na jinsi daraja lilivyotikisika. Mtu mmoja mwepesi akipita alilisikia likitetemeka chini ya miguu yake, ilhali magari yaliyosheheni yalivuka bila hatari yoyote. Hakuficha mshangao wake kwamba kazi hii ilifanywa na seremala wa kawaida, asiyejua hisabati wala nadharia ya mitambo.

Wanaosimulia habari hizi karibu wote humsifu seremala na kuwacheka madiwani. Mimi naona madiwani wameonewa. Walioneshwa daraja dogo likisimama vizuri, wakatakiwa waamini kwamba kubwa nalo litasimama. Haikuwa hoja halali, na ubaya wake ulikuwa umeshafafanuliwa miaka mia moja na zaidi kabla yao. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza kwa nini kitu kikikuzwa bila kubadilishwa umbo hudhoofika. Sisimizi hubeba punje inayouzidi mwili wake. Mkuze afikie ukubwa wa ndovu na miguu yake itavunjika kabla hajabeba chochote. Daraja nalo ni hivyo hivyo. Likuze mara 10 na uzito wake utaongezeka mara 1,000, maana linakua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Lakini nguvu ya boriti hutegemea ukubwa wa uso wake inapokatwa, na huo huongezeka mara 100 tu. Uzito unaikimbia nguvu na kuiacha nyuma mara 10.

Aliyeligeuza wazo hilo kuwa kanuni ya kutumiwa na mafundi alikuwa mwenzake Grubenmann wa Uswisi, Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel. Yeye aliishi mbali, St. Petersburg, akiwa mwanahisabati mkuu wa Chuo cha Sayansi cha Urusi, na kufikia wakati huo alikuwa amepofuka na kazi zake aliwatamkia wengine waandike. Makala yake ya Kilatini iliyotoka mwaka 1776 ilitoa njia nyepesi ya kupima uimara wa daraja kutokana na uimara wa mfano wake. Kwa maneno ya karakana ni hivi: mfano ukiwa sehemu moja ya 10 ya daraja, lazima ubebe mara 9 ya uzito wake wenyewe, na hapo daraja kamili litaweza kujibeba lenyewe tu, bila hata mbuzi mmoja juu yake. Mfano ukiwa sehemu moja ya 30, lazima ubebe mara 29 ya uzito wake. Baada ya hapo ndipo uanze kuhesabu magari, theluji na upepo.

Euler hakuandika kwa kujifurahisha. Pale St. Petersburg kulikuwa na fundi mwingine aliyekuwa akiota ndoto ya Grubenmann, ila yake ilikuwa kubwa zaidi. Ivan Kulibin, mtoto wa mfanyabiashara wa unga kutoka Nizhny Novgorod kwenye mto Volga, alijifundisha mwenyewe kutengeneza saa, akamtunukia Malkia Katarina wa Pili saa yenye umbo la yai, na kwa ajili hiyo akapewa usimamizi wa karakana za Chuo. Mto Neva ulikuwa ukivukwa kwa daraja la kuelea lililoondolewa kila barafu ilipokuja. Kulibin akapendekeza upinde mmoja wa mbao wa takriban mita 298, karibu mara tatu ya kile walichokataa madiwani wa Schaffhausen, wenye kimo cha kutosha merikebu kupita chini.

Yeye aliijua hila ya vipimo. Mfano wake wa mwisho ulikuwa daraja lenyewe, kwa maana uliweza kuvukwa: sehemu moja ya 10, urefu wa mita 30 hivi, vipande 12,908 vya mbao, skrubu 49,650 za chuma. Ulikuwa na uzito wa pudi 330, yaani zaidi ya tani 5. Mwezi Desemba mwaka 1776 tume ya wanachuo ikaja kuujaribu. Hesabu ilitaka ubebe karibu pudi 3,000. Wakapakia 3,300. Haukulalamika. Kulibin akaomba waongeze, wakaweka pudi nyingine 570, kisha watu wakapanda juu na kutembea, naye fundi akiwa miongoni mwao. Uliachwa na mzigo ule karibu mwezi mzima, bila kuonyesha dalili ya kulegea.

Coxe, yule yule mchungaji aliyelikagua daraja la Schaffhausen, alifika Urusi miaka miwili baadaye na akauona mfano wa Kulibin kwa macho yake. Sina habari ya msafiri mwingine aliyekuwa na bahati ya kuziona kazi zote mbili zikiwa hai, ya mtu wa milimani na ya mtu wa Volga, naye Coxe mara moja aliona kwamba ni wazo moja. Kulibin alizawadiwa rubo 2,000 na nishani. Daraja halikujengwa. Mfano ulihamishiwa katika bustani ya kasri la Tauride mwaka 1793, ukawekwa juu ya mfereji, na huko ukachakaa. Neva ilipata daraja lake la kudumu mwaka 1850, la matao ya chuma juu ya nguzo za mawe.

Turudi Uswisi, maana huko daraja lilikuwa likifanya kazi. Sifa zake zilienea upesi. Johannes Grubenmann alikuwa amejenga la kwake Reichenau, mahali Rhine ya mbele na Rhine ya nyuma zinapokutana, na mwaka 1766 Hans Ulrich akamaliza lingine Wettingen, juu ya mto Limmat karibu na monasteri. Hilo la Wettingen wajuzi wengi huliona kuwa kilele cha kazi yake. Hapo hakuning'iniza tu. Alipinda boriti za mwaloni, akazipanga tabaka juu ya tabaka, akazichonga meno ili zishikane zisiteleze, mpaka zikawa upinde mmoja mnene uliovuka mita 61 bila kitu chochote katikati. Swali aliloliacha Schaffhausen alikuwa amelijibu, ingawa kwa nusu ya umbali.

Wageni walikuja na tepe zao za kupimia. Mwaka 1780 alipita John Soane, msanifu kijana aliyekuwa akirudi Uingereza kutoka Italia na ambaye baadaye angejenga Benki ya Uingereza. Alichora madaraja hayo na kuyatumia katika mihadhara yake ya uzeeni. Wenye fedha walitaka wapatiwe daraja lile, wenye elimu walitaka waelezwe linavyosimama, na ajabu ni kwamba wa kwanza walipata walichotaka kwa urahisi kuliko wa pili. Mafundi hawa hawakuandika kitabu. Elimu yao ilikuwa mikononi, na nusu yake katika mifano iliyobaki kwenye rafu.

Daraja la Schaffhausen lilizeeka kama mbao zinavyozeeka. Boriti za mwaloni zilizokaa kwenye mawe ya kingo ziliingiwa na unyevu, zikaoza, na uzito ukashuka taratibu hadi ile nguzo ya kati, iliyosubiri miaka yote hiyo, hatimaye ikapata kazi. Fundi mmoja wa mjini aliinua daraja zima kwa jeki za skrubu, akatoa mbao mbovu, akaweka mpya, akalishusha. Hiyo ni sifa nyingine ya ujenzi wa viungo bila misumari mingi: unaweza kumtibu mgonjwa bila kumuua. Hans Ulrich alifariki mwaka 1783, mwaka ambao Euler naye alifariki.

Lililolimaliza daraja halikuwa maji wala kuoza. Mwaka 1799 Uswisi ikawa uwanja wa vita vya watu wengine, Wafaransa upande mmoja, Waaustria na Warusi upande wa pili. Tarehe 13 Aprili Wafaransa, wakirudi nyuma mbele ya Waaustria, walilitia moto daraja la Schaffhausen. Ghala refu lenye paa, mbao kavu za miaka 40, upepo wa mtoni ukivuma ndani kama bomba la moshi, halikuhitaji kushawishiwa. Mwaka huo huo Reichenau likaungua, na Wettingen likaungua. Ndani ya miezi michache kazi kubwa tatu za ndugu wale zilitoweka, na aliyezichoma hakuwa na ugomvi wowote na useremala.

Hapo mifano ikabadilika kazi. Ilikuwa ahadi ya kitu kitakachojengwa, sasa ikawa ushahidi wa kitu kilichokuwepo. Mwaka 1803 Christian von Mechel, mchapaji picha wa Basel, alitoa michoro ya vipimo ya madaraja yote matatu, akijua kwamba kizazi kilichoyavuka kingepita. Na mfano wa pendekezo lile la kwanza, daraja la mruko mmoja ambalo baraza lilikataa, umehifadhiwa mjini Schaffhausen kwenyewe, katika makumbusho ya Zu Allerheiligen yaliyo ndani ya monasteri ya zamani. Nao ulikuwa na bahati. Tarehe 1 Aprili 1944 ndege za Marekani ziliushambulia mji huo kwa kukosea, watu 40 wakafa, na sehemu ya makumbusho ikateketea pamoja na picha kadhaa za mchoraji Tobias Stimmer. Mfano wa seremala haukuwa miongoni mwa vilivyopotea. Kwa hiyo mgeni wa leo anaweza kulitazama daraja ambalo halikuwahi kujengwa, lakini lile lililojengwa na kuvukwa miaka 41 hawezi kuliona.

Anayetaka kuugusa mkono wa Grubenmann wenyewe asiishie kwenye makumbusho. Apande kwenye dari ya kanisa la Wädenswil, lililomalizwa mwaka 1767, au la Trogen, kazi yake ya mwisho, aone kenchi zilezile za daraja zikiwa zimelala juu ya plasta nyeupe, zimekauka na hazina wasiwasi. Au ashuke kwenye bonde la Kubel, karibu na Herisau, ambako mwaka 1780, akiwa na miaka 71, alijenga daraja dogo la kijijini juu ya mto Urnäsch: mita 30 hivi, mbao tupu, paa juu, hakuna nguzo katikati. Halikuwa njiani mwa jeshi lolote. Bado linavukwa.